Maji Yaliyobaki Kibuyuni

Paskazia,

Msomee mama yako karatasi hii akirudi kutoka lamboni. Treni ya Tabora hainisubiri.

Punje za mahindi zilizo mezani ni vile vikosi vya askari nilivyokuwa nikivipanga kujifunzia mtihani. Zikusanye uwape kuku. Mwaka jana ramani iliniangusha. Safari hii milima na mito yote iko kichwani, na mwalimu wangu ni wewe, ingawa unapenda mno kunicheka. Ndama mweupe asifungwe juani.

Mama Paskazia, alfajiri nilimpelekea baba kibuyu cha maji anitemee kifuani, nisiende kwenye mtihani wa uefendi, cheo cha ofisa, bila baraka. Nilipiga magoti nikiwa na sare yangu ya jeshi la Keya. Akakiweka kibuyu chini. Nikamwambia kwa hasira kwamba nikifeli tena, lawama ni zake. Alisema tu, "Maji yangu nilimtemea Makoye."

Unajua kaka Makoye aliondoka hapa kifua kimelowa maji hayo, akaenda vitani Burma, na hadi leo hatuna kaburi lake.

Nilitoka bila kumuaga. ~~Mwambie nimemsamehe.~~ Mwambie anisamehe. Mpelekee uji mapema, usiwe wa moto sana.

Kibuyu kipo nyuma ya mlango. Maji yale msiyamwage. Nifaulu nisifaulu, nitakuja kuyanywa mbele yake, aone kwamba nimerudi.

Baba Paskazia