Mundu wa Mama

Shule ya misheni, mteremko wa Meru
11 Juni 1912

Dada yangu Marta,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona. Msalimie shemeji Sadoki. Mtoto wetu Mika mshike viganja vyote viwili kwa niaba yangu. Mimi ni mzima, ila baridi ya mwezi huu inatuingia mpaka kwenye wino. Anayekuletea barua ni Sumari, anayepeleka miche ya kahawa huko Kikatiti. Isome kwanza peke yako.

Asubuhi hapa mlima hauonekani. Ukungu hushuka mpaka kwenye migomba, na tukienda kuchota maji tunawasikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Naipenda saa hiyo, kwa sababu hakuna anayeniuliza ninafikiri nini.

Mwalimu wetu Mjerumani ana vitalu vya njegere nyuma ya bweni. Alianza na ndefu na fupi, akazichanganya zilipotoa maua, na watoto wao wote wakatoka warefu. Tulidhani ufupi umekufa. Msimu uliofuata alipanda mbegu za hao warefu, na katikati yao zikaota fupi tena, karibu moja katika kila nne. Alisema ufupi haukufa, ulikuwa umelala ndani ya wale warefu. Rafiki yangu Lerionka akauliza kama na watu wako hivyo. Mwalimu akajibu kwamba huenda, lakini mtu si njegere, na hata wataalamu wa kwao bado wanabishana kwa nini mmoja huzaliwa mtu wa mkono wa kulia na mwingine wa kushoto. Akatutuma tukawahesabu watu wa kulia na wa kushoto makwetu wakati wa Pasaka.

Unanijua, kuongea na watu kunanitoa jasho, lakini nikiwa na daftari napata ujasiri kidogo. Niliwazungukia ndugu zetu wote, nikianza na Mama. Kila mmoja nilimuuliza anakula kwa mkono gani. Baba mdogo Solomoni alicheka mpaka akakaa chini, akataka kujua kama huko shuleni siku hizi tunakula kwa miguu. Niliandika watu thelathini na mmoja, wote wa kulia. Wenzangu wakaniita Bwana Daftari, nami kwa siri nilifurahi.

Jumamosi iliyopita nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, nikamkuta shemeji Sadoki. Alimweleza Mama, huku akiizungusha kofia yake magotini, kwamba Mika anashika kila kitu kwa shoto. Alisema mama yake anadai mkono huo haupo kwao wala haupo kwetu, basi Mika ameutoa kwa baba gani. Alisema mfuko wa ngozi wa kuufunga umekwisha kushonwa, na kwamba mwezi ukiisha wewe na mtoto mtarudishwa kwetu. Mama alimuuliza yeye mwenyewe anaamini nini. Alikunywa uji wake akaondoka.

Usiku ule niliota mikono mingi ikiota kwenye vitalu, na sikujua ipi ni ya nani. Kulipopambazuka nilisikia mundu ukikata nyasi kule ukingoni mwa korongo, nikaufuata mlio ndani ya ukungu. Alikuwa Mama. Nilimwona kama mtu anavyojiona kwenye maji yaliyotulia, kila kitu ni kilekile ila upande mwingine. Alishika nyasi kwa mkono wa kulia na kukata kwa kushoto, haraka, kama anayecheza ngoma anayoijua tangu utotoni.

Dada, unakumbuka tulivyokuwa tukilalamika kwamba mundu wa Mama hautukatii? Tulisema unamtii yeye tu. Makali yake yamenolewa upande usio wetu. Alimwomba mhunzi autengeneze hivyo, akamsihi asimwambie mtu.

Aliponiona aliuficha mundu nyuma yake, kisha akakaa juu ya mzigo wa nyasi akanieleza. Alipokuwa mdogo kama Mika, bibi, mama yake, alimfunga mkono huo kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi mpaka akajifunza kula, kusalimia na kupokea kwa kulia. Nyasi hakuziweza. Ndiyo maana siku zote huenda kukata peke yake. Hata Baba hajui. Nilimuuliza mbona Pasaka alinijibu kulia. Akasema nilimuuliza anakula kwa mkono gani, naye anakula kwa kulia, kama watu wote.

Sasa nikuambie jambo ambalo siku tatu hizi nimeshindwa kuliandika. Baada ya Pasaka, mama mkwe wako alinikuta nje ya kanisa. Aliniuliza kwa upole kama kwetu kuna mtu wa shoto. Nilifungua daftari nikamwonyesha ile mistari, nikajisifu kwamba nimehesabu mwenyewe na hakuna hata mmoja. Maneno anayokupiga nayo yalitoka kinywani mwangu. Nisamehe, dada.

Nilipomwambia Mama, aliyapima makali ya mundu kwa kidole. Alisema Alhamisi atakuja kwenu, ataomba aonyeshwe mahali mama mkwe wako anapokata nyasi za ng'ombe, na atakata mbele yake na mbele ya Sadoki. Na Baba, Mama atamwambia yeye mwenyewe kabla ya kuondoka. Wewe zuia ule mfuko mpaka siku hiyo.

Jirani zako nao uwape salamu zangu, na Mungu awafunike nyote.

Mimi mdogo wako,
Sifael

Geuza karatasi hii ya mwisho. Nimeichana kwenye daftari langu, na ile hesabu iko nyuma. Mstari wa kwanza ni Mama. Nimeufuta na kuuandika upande wa pili, wa watu wa kushoto.