Mshindi wa Tatu Hapandi Ndege

Jumamosi, mwezi wa nne. Manyunyu tangu asubuhi, na kuta za nyumba zinatoka jasho.

Asiyeishi Guangzhou hajui hii habari ya kuta kutoka jasho. Ni msimu. Unyevu unaingia mpaka ndani, sakafu inateleza, nguo umezifua Jumatatu na Ijumaa bado mbichi. Shati langu la shule lilikuwa linanuka kama kitambaa cha kudekia. Nililipulizia manukato ya baba nikalivaa hivyo hivyo, maana leo ndiyo ilikuwa siku ya kutoa zawadi za mtihani wa taifa wa Kitaliano kwa wanafunzi wa sekondari.

Nimekuwa wa tatu.

Niandike tena, labda ikirudiwa itauma kidogo. Nimekuwa wa tatu.

Wapi. Inauma vilevile.

Najua atakayesoma hapa atasema huyu naye ana wazimu, wa tatu China nzima na bado ananuna. Basi nieleze. Mshindi wa kwanza anapelekwa Italia likizo hii, anasoma lugha wiki tatu, na tiketi, viza, pa kulala, vyote wanashughulikia wao. Wa pili anapewa kompyuta. Wa tatu anapewa cheti, kamusi, na birika la kahawa la Kitaliano, lile dogo la kubandika jikoni. Mie hata kahawa sinywi.

Na mama yangu yuko Italia.

Mama aliondoka Kiwengwa, kwetu Unguja, nikiwa darasa la nne. Alikuwa mapokezi kwenye hoteli ya Wataliano, na kule kwetu Kitaliano wanakizungumza mpaka wauza machungwa, ndiyo maana nimekua nacho mdomoni. Mgeni mmoja akamwomba aende akamtunzie mama yake mzee huko kwao. Ilikuwa aende mwaka mmoja tu. Kisha makaratasi yake yakaingia dosari: akikaa anaruhusiwa kukaa, akitoka harudi tena. Akakaa. Baba na yeye walikuwa wameshaachana zamani. Nililelewa na bibi, na bibi alipofariki baba akanileta huku, anakonunua vidude vya watoto na vifaa vya shule pale soko la Yide Lu, akawatumia wenye maduka Unguja na Dar.

Kwa hiyo mama yangu mie namjua kwenye simu. Ni kichwa na mabega. Kuanzia kifuani kwenda chini sijui siku hizi amenenepa au amekonda, na hilo sijawahi kumuuliza, nitamuuliza vipi.

Mwalimu wetu wa Kitaliano alipotangaza zawadi ya mwaka huu, nilimpigia mama siku ile ile. Akacheka, akalia, akacheka tena. Wiki iliyofuata akaniambia ameshaomba ruhusa kwa yule bibi wa watu anayemtunza, ameshaangalia na treni. Nikamwambia mama, subiri kwanza nifaulu. Akasema, wewe? Usifaulu wewe, afaulu nani?

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Mtihani wa kuandika niliumaliza vizuri. Leo wameonyesha alama zote ukutani kwa ile mashine ya picha, na kwenye kuandika nilikuwa juu ya kila mtu. Kila mtu! Mtihani wa kuzungumza ndio ulionimaliza. Dakika tano: unapewa picha uieleze, kisha unaulizwa swali utoe maoni yako. Ndani walikuwa wawili, kijana mmoja mwenye saa na mama mmoja wa Kitaliano, mtu mzima hasa, nywele nyeupe pepepe, miwani inaning'inia kifuani.

Mie niliingia, nikamwona mtu mzima. Basi nikamsalimia.

Wenzangu wote, nimeshawauliza, waliingia wakasema habari za asubuhi, wakakaa, wakaanza picha. Mie ulimi haukukubali. Nikamuuliza ameamkaje. Nikamuuliza safari ilikuwaje, na watu wa nyumbani wazima? Sikuwa najionyesha, wallahi. Bibi yangu angenifinya mbavu kama ningemkalia mtu wa umri ule mbele yake nikaanza kumweleza habari za picha ya mtaa wenye baiskeli.

Na yule mama akaitikia! Sijui ni kwa kuwa alikuwa ameshasikiliza watoto asubuhi nzima na hapakuwa na hata mmoja aliyemuuliza hali. Akavua miwani. Akanambia goti linamsumbua kwa mvua hizi. Akanambia ana kijana wake, mtoto wa mwisho, hampigii simu mpaka ampigie yeye. Nikampa pole ya goti, nikampa pole ya kijana. Akauliza, na wewe, wa wapi, mama yako hajambo? Nikamwambia mama yuko huko huko kwao yeye, Italia. Akasema aah, lini mmeonana? Nikamjibu.

Kijana mwenye saa alikuwa anagonga kioo cha saa kwa kidole. Nilimwona. Nisiseme sikumwona. Alinigongea mara ya kwanza, akagonga tena, na mie najua kabisa kwamba dakika zinakwenda na picha ya watu iko mezani haijaguswa. Lakini nimkate kauli mtu mzima? Yeye ndiye mwenye mazungumzo, amalize yeye. Nikangoja amalize. Alipomaliza akashtuka, akavaa miwani, akanisogezea picha, na nikawahi kusema ni mtaa, kuna baiskeli, kuna mwanamke ana mkoba mwekundu.

Swali la maoni hata sikuulizwa.

Nilitoka nikijipa moyo kwamba Kitaliano ni Kitaliano, wameshanisikia, watanipa alama kwa nilichosema. Mwalimu alipopata habari alijishika kichwa. Alisema alama zimegawanywa, za picha ni za picha na za maoni ni za maoni. Salamu hazina fungu.

Leo ukumbini kila mtu alikuwa na watu wake. Akina mama wameshika maua, akina baba wanapimia simu wapate picha nzuri, kuna familia imeleta mpaka bibi kwa kiti cha magurudumu. Baba yangu alikuwa aje. Ila wateja wake wawili wametua jana kutoka Dar, ndiyo mara yao ya kwanza, akiwaacha peke yao sokoni watachukuliwa na mwingine. Asubuhi alisimama mlangoni anavaa viatu huku hanitazami. "Mwanangu, nirekodie basi nitaona jioni." Nirekodie! Yaani nipande jukwaani, mkono mmoja napokea cheti, mkono mwingine najirekodi mwenyewe.

Sikumjibu vibaya. Nilisema sawa baba. Namjua, na yeye roho ilikuwa inamuuma.

Kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu na cha kushoto kilikuwa na koti la mtu. Walipoita wa tatu, jina langu lilisomwa kwa kusuasua mpaka watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nikapanda, nikapokea, nikageuka kutazama kamera, na hapo ndipo nikagundua kamera zote zimeshushwa. Kila mtu alikuwa anangoja mtoto wake. Mwalimu akapiga moja, imetoka na ukungu.

Wa kwanza ni Jiaqi, wa darasa letu. Ningependa kumwita majina mabaya lakini hana ubaya wowote yule mtoto. Amesoma usiku na mchana, na picha yake aliieleza mpaka rangi ya soksi. Alinikumbatia. Akaniuliza ninataka aniletee nini kutoka Italia.

Nikamwambia chokoleti.

Baada ya hapo nikamwona yule mama wa nywele nyeupe anakuja upande wangu, na mwavuli kama mkongojo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Mwezi mzima nimemchukia kitandani kwangu, nimemtungia maneno makali ya Kitaliano safi kabisa. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akanambia goti afadhali. Akanambia kijana wake alipiga, mwenyewe, bila kupigiwa. Kisha akaniuliza, mama yako hajambo?

Nikasema hajambo, anakusalimu.

Ningesema nini tena? Ndiye mtu pekee siku ya leo aliyeniuliza habari halafu akasimama kusubiri jibu. Hajui kitu. Yeye anadhani tulizungumza tu, watu wawili, siku ya mvua. Alipoondoka nilikwenda chooni nikafungua bomba maji yapige kelele, nikalia mpaka kwikwi.

Nikarudi nyumbani kwa miguu kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi. Mtaa wetu wa Dengfeng siku za Jumamosi haulali. Mkongo anapatana bei ya simu, mwanamke wa Kinaijeria anakokota mzigo mkubwa kuliko yeye, wauza mahindi wanaita. Sauti tele na hakuna inayoniita mie. Nilimpita kaka mmoja wa Mwanza anayekusanya mizigo ya nguo, akaniona na birika mkononi. "Mdogo wangu, umeanza biashara ya vyombo?" Nikacheka. Nilimwambia ndiyo, lete wateja.

Baba alirudi jioni amelowa, na biriani ya watu wawili kwenye mfuko. Alikipokea cheti kwa ncha za vidole kwa kuwa mikono ilikuwa na vumbi la makasha. Alikisoma chote, Kitaliano chote, na hajui hata neno. Kisha akakipiga picha akaituma kwenye kundi lao la wafanyabiashara, na pongezi zikaanza kumiminika, mashallah, hongera, mtoto wa laoban hoyee, laoban ndiyo bosi kwa Kichina. Kila simu ikilia anainama anasoma kwa sauti. Nilimwachia furaha yake. Alikuwa ameikosa asubuhi.

Halafu ikabaki mama.

Jioni yetu ni mchana wao. Bibi wa watu akishakula analala, na ndiyo mama anapata upenyo. Simu haikulia hata mara mbili. Alikuwa amejipaka wanja! Nikajua alikuwa amekaa na simu mkononi.

Nikasema, mama, nimekuwa wa tatu.

Akapiga kigelegele. Alikipiga kwa kujiziba mdomo na upande wa kanga asimwamshe mgonjwa, kikawa kinatoka kidogo kidogo, na mabega yanamtikisika. Wa tatu, China nzima, watu wote wale! Mola wangu! Akaniita majina yote ya utotoni. Kisha akajifuta macho, akakaa sawa, akauliza:

"Kwa hiyo unatua lini?"

Jamani.

Nimefanya mitihani mingi lakini hakuna swali gumu kama lile. Nilimwambia, mama, wa tatu hasafiri. Nikaanza kumweleza mbio mbio, kijana na saa yake, goti, picha ya baiskeli, na mie nikamsubiri yule mama amalize. Nilitaka anigombeze. Akinigombeza ningelia na ingekwisha. Yeye akawa anatazama pembeni, upande ambao simu haionyeshi, nadhani kuna dirisha.

"Ungefanyaje sasa," akasema. "Mtu mzima yule."

Nikasikia saa ya ukutani ya kwao.

Halafu akasema, pole pole, kama anayehesabu ngazi gizani, "Basi nitakuja mimi."

Kabla sijajibu kengele ya mgonjwa ikalia, akasema mwanangu ngoja, na simu ikakatika.

Hajapiga tena. Baba ameshalala sebuleni na televisheni inasema peke yake. Mie nimekaa naandika haya kwa sababu sina pengine pa kuyasema. Nani nimwambie? Jiaqi anatafuta sanduku la safari.

Tangu aondoke hajawahi kuyasema hayo maneno. Ni mie niliyekuwa naenda siku zote. Nikimaliza la saba nitaenda. Viza ikitoka nitaenda. Nikishinda nitaenda. Yeye alikuwa pale anangoja, na mie ndiye mwenye safari. Na anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba akitoka harudi. Akisema anakuja, anasema anaiacha kazi, bibi wa watu, na yote aliyoyavumilia ili asiyapoteze. Au ameteleza tu ulimi kwa kuniona nina huzuni. Akina mama husema vitu ili mtoto anyamaze.

Nataka kumwamini. Nimefurahi mpaka naona haya, na nimeogopa vilevile.

Maana miaka yote hii nilikuwa na cha kulaumu. Makaratasi. Viza. Mwezi huu, mtihani na yule kijana na saa yake. Akishasema anakuja halafu asije, itabidi nimlaumu yeye. Mpaka leo sijawahi. Sijui nikianza nitaishia wapi.