Walitaka Asimulie

Kakamega, Jumapili

Kwa mke wangu Mwanaidi,

Amani ya Mungu ikutangulie mlangoni hapo Vanga, kisha ndipo maneno yangu yaingie. U hali gani? Kifua cha mamangu kimetulia? Na hao watoto, ambao wakifanya vizuri ni wangu na wakiharibu ni wako, wanasoma? Mimi mzima kama chuma cha reli. Obusuma, yaani ugali wa huku, ukiula leo, njaa inakukumbuka kesho.

Kazi ya spika inaendelea. Unanijua: shule niliiachia darasa la sita, lakini nimefunga mitambo Kampala, Juba mpaka Goma, na wakubwa wengi wasingesikika bila mkono huu. Huku wananiita Bingwa, na wala sikuwaomba.

Sasa nikwambie niliyoyaona majuzi, na usisome ukiwa unakula.

Mjini hapa kuna ofisi ya serikali ya kuwasaidia waliopigwa na kunajisiwa. Zamani mwanamke akija alisimulia kwa bawabu, kwa karani, kwa askari, kisha kwa mkubwa, kila mmoja akitaka aanze upya. Afisa mmoja wa ustawi wa jamii, dada anaitwa Khasandi, akasema kidonda hakichokonolewi na kila mpita njia. Akapigana nao mpaka kikatengwa chumba: kiti kinachotazama mlango, chai, msikilizaji mmoja, na jambo likishasemwa halisemwi tena. Mimi nilidhani ni mambo ya vitabu. Lakini nilipokikalia kile kiti nikivuta nyaya, wallahi nilijiona mtu.

Ikaja siku ya kukifungua. Mahema, kwaya, wageni, na mimi na spika zangu. Mkubwa wa ofisi akamleta Mama Ayuma wa Lubao, ambaye mumewe alimmwagia maji moto mbele ya watoto. Alikuwa akingoja nyumba ya kujificha yeye na wanawe. Mkubwa akataka atoe ushuhuda, maana huku hafla bila ushuhuda ni pilau bila nyama. Khasandi akabisha: tunafungua chumba ili mtu asichokonolewe, halafu tunamchokonoa hadharani? Mkubwa akacheka, akasema wageni hawakuja kutazama kiti. Kisha akamgeukia yule mama.

"Ukiongea vizuri, mambo ya nyumba yatakwenda haraka."

Yule mama akasimama. Akaanzia kwenye sufuria. Wa mbele wakatoa simu wakampiga picha. Mgeni wa heshima alikuwa anatafuna njugu. Alipofika pale mwanawe alipomshika baba mguu, mimi nikashindwa. Nikachomoa waya. Nilijua patakuwa na zogo kidogo, fundi ataitwa, na yule mama ataketi apumzike.

Hakuketi, Mwanaidi. Alikitazama kipaza sauti, akanitazama mimi, akakiweka chini. Alidhani yeye ndiye kaharibu. Akaanza tena kutoka kwenye sufuria, safari hii kwa kupiga ukelele.

Walimpigia makofi, wakamvisha leso. Kesho yake alipofuata nyumba, karani akasema yeye karani hakuwepo kwenye hafla, kwa hiyo amweleze. Akaeleza. Ndipo akaambiwa nyumba imejaa.

Nilimkuta getini na watoto wake, nilikokuja kuchukua spika. Kwa hiyo ukisikia fundi ana mwanamke chumbani kwake Kakamega, ni kweli. Yumo na wanawe, na mimi nalala stoo na mitambo. Khasandi anamtafutia mahali. Mpaka apate, chumba ni chake. Sijamuuliza lolote. Kasirika ukitaka, lakini kasirika ukijua.

Jana aliniletea chai, akaniuliza neno moja.

"Bingwa, wale wa nyuma walisikia?"

Nikamwambia walisikia. Mimi niliyemdanganya hata askari wa mpakani, uongo huo nimeshindwa kuubeba peke yangu.

Nisalimie mamangu, wifi yako mshonaji, na shemeji yangu mvuvi asiyevua kitu. Nimekueleza wewe kwa sababu wewe ni mke wangu, na ilikuwa lazima. Yasipite kwako. Wakikuuliza nimeandika nini, waambie nimeandika habari za mvua.

Mumeo anayekuwaza,
Bakari