Magadi katika Maji ya Gundi

Wifi Awadiya,

Ukirudi kutoka kisimani, jirani yetu Hajja Rabha atakwambia kwamba asubuhi nilimnyang'anya mama yako dawa nikaimwaga mbele ya mbuzi. Kumwaga nilimwaga, sikatai.

Dawa yenyewe ni gundi ya mgunga, ule utomvu wa mti, niliiloweka mwenyewe jana. Tulikubaliana na mama magadi yawe chembe tu, kama punje ya dengu, maana tumbo lake limechubuka ndani na choo kina damu. Nilipokwenda kukama, Hajja akatia kipande kama kidole gumba. "Hata mchuzi wa bamia haulainiki bila magadi," akaniambia, "sembuse tumbo la mtu mzima!" Mama alipiga funda moja tu, akajikunja.

Maji mapya ya gundi yamo kibuyuni. Yachuje kwa kitambaa, ~~usitie kitu~~ tia ile chembe, asije akasema tunambania. Asile pilipili, hata akikutukana. Ulimi wake haujaugua. Damu ikizidi, mwambie kaka yako atafute lori, mumpeleke hospitali mjini El Obeid. Msiningoje.

Nimekwenda kuvuna gundi, nitarudi jioni. Kwako atakunywa, wewe ni binti yake. Kwangu amekataa, Hajja amemwambia namtilia sumu. Nilimpigia magoti: "Mama, nikionja mimi kwanza, utakunywa?" Akageukia ukutani.

Muulize tena kwa ajili yangu. Jioni nikimletea bakuli, atalipokea?

Wifi yako,
Sittana