Kaseti ya Mageni

Jumatatu, 9 Juni 2025
Karasha la bosi Donatus limesaga mawe ya dhahabu kutwa bila kugoma. Mkono wangu huo! Katoro nzima hakuna fundi wa kunifikia, anayebisha aje.
Mchana kapiga simu Serafina, mtoto wa dada yangu. Shikamoo mjomba, ile kaseti ya baba bado ipo? Sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ni Jumamosi. Baba yake, Mageni, alikuwa manju wa ngoma, alifariki mtoto hajaota meno. Anataka sauti yake ipigwe ukumbini, pale baba anapombariki binti. Nikamwambia ipo, saa nzima, safi kabisa! Kamati yote imesikia, simu ilikuwa kwenye spika.

Jumanne, 10 Juni 2025
Nimeikumbuka 1999. Ushetu, ngoma ya Mageni baada ya mavuno. Nilitoroka kazini siku tatu, nikapanda juu ya trela la tumbaku, redio kaseti begani, maiki nimeifunga kwenye mpini wa jembe. Watu elfu ishirini — haya, elfu mbili. Mageni alipopandisha sauti ng'ombe waliacha kula! Naapa. Video pia nilipiga, kamera ya kuazima, mkanda wake ukaliwa na panya.
Niliporudi Donatus akafoka: chagua, spana au maiki! Nikamjibu, bosi, mimi nina mikono miwili.
Siku zile ilikuwa kweli. Maiki sijashika tena tangu lini... hata sikumbuki.

Alhamisi, 12 Juni 2025
Kaseti nimeipata ndani ya boksi la beringi. Nikaijaribu. Dakika mbili Mageni. Halafu — ngrrrr! Karasha!
Mungu wangu. 2006. Karasha liligonga, mafundi wote tukashindwa. Nikarekodi mlio wake, nikaituma kaseti kwa basi hadi Mwanza fundi mkuu asikilize. Akairudisha kaseti na jibu: beringi ya kushoto. Na kweli! Hadithi hii nimeitambia kila kilabu miaka kumi na tisa. Sijawahi kujiuliza kaseti ile niliitoa wapi.
Nimemwambia mke wangu, nitasema joto limeiharibu. Paskalina kacheka sana. Joto ndilo linaunguruma hivyo, Baba Wema? Mwambie mtoto ukweli.

Ijumaa, 13 Juni 2025
Serafina kafika karakana saa nne. Nilikuwa nimeupanga ukweli wote, neno kwa neno. Mdomo ukasema: keti mwanangu, usikie kazi ya mjomba wako.
Nikabonyeza. Mageni kwanza anakohoa. Anasema: shemeji, umeshawasha? Halafu anaanza.
Serafina kaniuliza, huyo anayekohoa ni yeye? Nikasema ndiye. Kumbe anakohoa kama mimi, akasema.
Karasha likikaribia, nikazima. Akairudisha mwanzo. Nikazima tena. Mara ya tatu kaninyang'anya redio. Mjomba, usizime bwana, si umesema saa nzima?
Nimekimbilia huku kwenye benchi, najifanya naandika vipimo vya mkanda wa karasha. Yuko mlangoni, redio mapajani. Donatus anapiga simu, karasha litakuwa limekwama, sipokei. Serafina amerudisha mara saba, kila mara mpaka kikohozi tu, anacheka, anajifuta macho. Sasa kaiacha iende. Mageni anapandisha.
Ngrrrr.
Hazimi. Ameinamisha sikio. Na juu ya karasha, sauti ya kijana mmoja anayejisifu: sikiliza vizuri fundi mkuu, hapa Katoro mimi ndiye —
Ananitazama.