Mshauri wa Kidoti Amekataa Kuanza

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada yangu,

Habari za huko, na afya yako je? Ule mguu uliokuwa ukivimba umepungua? Na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tunapumua. Presha ya Mama imetulia kidogo, mke wangu mzima, nami bado nahangaika na majokofu ya watu, moja likipona yanaletwa mawili. Ukiniuliza nitasema ni mzima, lakini Dada, maji yamenifika shingoni.

Naandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Kidoti ana masikio makali, na Mama naye hukaa pale pale mlangoni. Jirani yetu nesi anasafiri kesho kuja huko, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi.

Ni habari za huyo mtoto. Tangu tumzike mdogo wetu, Kidoti hajadondosha hata chozi. Miaka saba, mama yake amefariki, halii! Badala yake amekuwa na adabu ya kutisha. Anaosha sahani zilizo safi. Anafagia ua ambao mke wangu ametoka kuufagia. Kwenye chakula anaonja vijiko viwili, anasema asante, nimeshiba. Nywele hataki aguswe na mtu. Mke wangu akishika kitana tu, anajifungia chooni. Mashavu yamekwisha kabisa, kile kidoti chake utadhani kimebandikwa.

Basi nikaanza kutafuta mshauri wa watoto waliofiwa. Kumbe kumpata wa kweli ni kazi! Wa kwanza alikuwa mwalimu wa malezi pale shuleni. Alimwita ofisini, walimu wenzake wamejaa wanasahihisha madaftari, akamwambia awe jasiri kwa kuwa sasa ni msichana mkubwa. Kidoti akaitikia, "Ndiyo mwalimu," akarudi darasani. Mwalimu akaniambia kazi imekwisha. Kazi gani?

Wa pili ni bwana mmoja wa tai, ofisi ya ghorofani, feni inapiga kelele kuliko sisi. Alizungumza na mimi tu, maneno mazito mazito, mtoto amekaa pembeni anachezea vifungo vya gauni. Nikamuuliza, "Daktari, kwani mgonjwa ni mimi au huyu?" Akanuna. Nikamshika mtoto mkono tukaondoka zetu.

Wa tatu tulimpata wodi ya watoto hospitalini. Ni mama wa makamo, anavua viatu na kukaa chini na watoto. Wala hakutaja msiba. Alimpa Kidoti mwanasesere mwenye nywele timtim, wakawa wanazichana pamoja, mimi nachungulia mlangoni. Mara akamuuliza polepole, "Na wewe nani hukuchana?" Kidoti akajibu bila kupepesa macho: "Mama. Lakini alinichoka, akahamia kwa mama mkubwa."

Dada, nilitamani ardhi ipasuke.

Ndiyo, kwako. Wewe hulijui hili. Siku ya mazishi, ambayo mguu ulikuzuia kuja, tulimficha Kidoti kwa jirani, na jioni alipouliza, Mama alimwambia mama yake amesafiri kuja kwako. Sote tukaitikia. Tuliona tunampunguzia uchungu. Ndiyo maana kila ukipiga simu nakwambia amelala, au ametumwa dukani. Kumbe mwenzetu anakaa anajiuliza alikosa nini.

Mshauri akaniita pembeni, akanikazia macho. "Baba, mimi nawasaidia watoto waliofiwa. Huyu moyoni mwake hajafiwa, ameachwa. Mwambieni ukweli kwanza, ndipo mniletee." Nilimbembeleza sana, nikamwambia yeye ndiye peke yake aliyemfungua mdomo. Akasema ndiyo maana hataki kumdanganya.

Nikamwambia, Dada. Nilimkalisha kitandani nikamwambia mama yake amekufa. Akanijibu: "Mjomba, unasema hivyo ili nisimfuate. Mpigie mama mkubwa." Mama akanijia juu, eti nataka kumuua mtoto na hao watu wangu wa maneno. Tangu hapo hata vile vijiko viwili havigusi. Ijumaa alianguka mstarini shuleni asubuhi, wakaniita karakanani nikambebe. Alikuwa mwepesi, Dada. Nimeogopa. Sina nguvu ya kuzika mwingine.

Sasa nakupigia magoti. Mimi haniamini, Mama hataki kumwambia ukweli, aliyebaki ni wewe. Jumamosi ijayo asubuhi tutakuwa kwa yule mshauri. Amekubali kukaa naye wakati unapiga simu, na kuanzia hapo ataendelea naye. Piga, tafadhali. Mwambie mama yake hayuko kwako, hajafika kwako, amekufa. Sema hivyo hivyo, amekufa, usiseme amelala wala amepumzika, mshauri amelisisitiza sana hilo. Kilio kikija, lia. Halafu mwambie mama yake hakumchoka hata siku moja. Mimi nikifika hapo natoka nje.

Mama huenda akakupigia kukukataza. Usimgombeze, amemzika kitinda mimba wake. Lakini usimsikilize.

Msalimie shemeji, na wale mapacha waambie waache kuparuana. Mke wangu anakusalimu sana. Mungu akupe ulimi wa kusema siku hiyo, na atuweke sote tuonane tena.

Salamu za Kidoti sina. Ameniona naandika, akauliza kama ni kwako, nikasema ndiyo. Akafikiri. Kisha akasema nikuandikie kwamba siku hizi hakojoi kitandani, na hataomba kununuliwa kitu chochote, kwa hiyo umruhusu mama arudi.

Ndugu yako akupendaye,
Fundi