Wakati Mufuko Inateleza

Hapana, Kapita, bado hatuna muntu wa hakika. Najua weye hungengoja hata salamu, ungeuliza pale pale: nani anasimama kwa vagoni ya pili? Basi njo jibu hiyo. Bado. Treni imeshapita Luena, banasema kesho iko hapa Kamina, na minyi niko naandika barua kwa muntu mwenye kulala mu udongo. Unaona mambo imefika wapi.

Naandika sababu kwa kaburi siwezi kusema. Pale nikifungua kinwa nitachekesha bantu. Siku ya kilio yako ulisikia mwenyewe, kama kule munasikia. Tulikuwa tumebeba sanduku yako, bantu bote ba kubeba mizigo hapa gare, stasyo ya treni, na minyi nikasema: leo njo mara ya kwanza tunabeba na Kapita hakohoi. Bantu bakacheka. Unajua namna walikuwa banaogopa ile kikohozi yako. Weye hukupigaka kelele hata siku moya, ulikohoa tu, na muntu alijua amekamata mufuko vibaya. Dada yako aliniangalia kama mwizi. Minyi nikaenda nyuma ya choo, nikalia kule mpaka pua ikafunga. Hakuna aliniona. Ni weye tu nakuambia.

Kilio ilipoisha, shefu wa gare, mukubwa wa stasyo, alituita. Sasa banatuletea vagoni mbili pamoya. Ya kwanza minyi nasimamia; kwa ile ya pili anataka kapita mwingine, musimamizi, muntu ya kujibu, haiko Radio kukimbia huku na huku. (Jina yako hiyo ulinipatia imebakia, hata shefu anaiita.) Kama hatupate muntu wa kweli, vagoni ya pili inaenda kwa ekipe ya soko, kikundi ya bale ba kupakia malori. Na Kapita, weye unajua: wakipata moya, mwaka haiishe bamekamata zote mbili. Papa Kabamba, muzee wetu, ataenda wapi na ile mguu yake ya kuuma? Bale ba soko hawatamutwaa.

Kwa hiyo tulikaa pale kwa mbao yako, fasi ulikuwaka unakaa. Hakuna muntu alikaa juu yake. Tulikuwa na bantu mbili: Ilunga, ule wa kusema kwa pole mpaka unafikiri anaongea na shati yake, na Kasongo, ule wa moto. Tuliuliza: tunabafundisha namna gani? Bote kwa sauti moya: vile Kapita alifanyaka. Kinwa kufunga. Nani angekataa? Udongo yako ilikuwa bado mbichi.

Unakumbuka ile siku yangu? Vagoni ya simenti, jua kali, na weye unaniambia, "Radio, leo unaongoza bila kinwa. Neno moya ikitoka, unarudi kubeba." Mama yangu! Nilifikiri nitapasuka. Asubuhi yote nilitembea na mikono kama muntu anafukuza nzi. Lakini midi, saa sita, ikafika, nikaona Papa Kabamba anavuta mguu. Miaka yote tuko pamoya, sikuonaka. Kelele yangu ilikuwa inamufunika. Nikamupeleka kwa kazi ya kamba, ile ya kukaa, bila neno. Weye ulikuwa pale mbali, ukageuka, ukaangalia reli. Ile mgongo yako njo brevet yangu, cheti yangu.

Basi tukafungia bale bote mbili vinwa. Ilunga alifurahi kama mbuzi mu shamba ya karanga. Kunyamaza? Ni kwake! Akabeba mifuko yeye mwenyewe, mingi kupita bote, na jioni mugeni mwenye mizigo akauliza kapita iko nani, hakuna muntu alijua. Treni ya kufwata, Kasongo. Ule, ukimuondolea kinwa, anabakia na mikono. Alikamata Papa Kabamba kwa shati, akamugeuza kama meza. Muzee hakupigana. Alikaa chini, akasema, "Hata Kapita mwenyewe hakunigusaka." Bote tukakaa. Vagoni ikakaa. Shefu wa gare akatoka mu biro, ofisi yake, akatuangalia, akarudi mu biro. Ni kule kurudi kwake njo kulituogopesha.

Kisha kukakuya madame mumoya wa Lubumbashi, Madame Félicité. Kazi yake ni kufundisha bantu ba kuongoza baasosiasyo, bikundi bya kazi. Seminere mu sale ya paruasi, ukumbi ya kanisa, na tablo ya kuandikia, markeri ya rangi tatu. Minyi nilienda sababu ya mikate ya mafuta, sikufichi. Akauliza kila ekipe namna inatengenezaka bashefu. Nikasimama, nikaeleza ya kinwa kufunga, na namna Kasongo alimugeuza muzee. Sale nzima ikacheka, mama wa bauzishaji ba samaki alishika tumbo. Madame hakucheka. Aliniuliza kwa upole, "Na huyu Kapita wenu, alikuwaka anachagua namna gani? Sababu gani weye alikufungia kinwa?"

Kapita, minyi nakosaka jibu? Nimeuzisha miavuli mu kiangazi! Lakini pale nilisimama kama nguzo ya umeme yenye haina koranti. Kumbe sikujiulizaka hata siku moya. Nilifikiri ile njo metode yako, njia yako ya kufundisha, na metode ni moya.

Nilifikiri tena madame atanidharau. Alikaa karibu yangu wakati wa mikate, akaniambia ukweli wake. Kwamba mu kazi yao njia ya kufundisha iko mingi: unaweza kukalisha bantu mu sale, unaweza kutia muntu kando ya mwenye kujua, unaweza kumupa kazi ya kweli yenye inamupita kidogo, unaweza kukaa naye kazi ikiisha na kumuuliza tu maulizo. Kwamba yeye mara mingi anachagua sale, sababu njo fasi yeye alifundishwa, na sababu bale banamutuma banapenda kuona viti vimejaa. Akasema, "Sisi bote tunapatiaka bantu ile dawa yenye ilituponyesha sisi." Ule mama iko muntu muzuri. Nilimuuzishia chaja ya simu, lakini nilimupunguzia.

Kutoka pale nilienda kwa bibi yako, mujane sasa. Mama Adolphine alikuwa anasonga bukari, ile ugali yetu. Nikamuuliza ile ulizo ya madame, vile vile. Akaacha mwiko mu sufuria. Akaanza kucheka, Kapita. Bibi yako, na kitambaa ya kilio ku kichwa, alicheka mpaka machozi ikamushika, na kisha ikawa machozi ya kweli, na minyi nikabakia pale sijui nishike mwiko ao nishike mama.

Aliniambia kila jioni ulikuwa unatuigiza. Weye! Muntu mwenye tulifikiri meno yako ni ya sikukuu tu. Anasema ulikuwa unasimama katikati ya nyumba, unatembea kama Papa Kabamba, unashika kiuno kama shefu wa gare. Na ulikuwa unamwambia: bantu bote ni wazuri wakati mufuko iko sawa ku bega. Muntu unamujua wakati mufuko inateleza. Pale usiangalie mufuko, angalia macho yake inaenda wapi. Banza, mwenzetu ule alirudia kwao Kabongo, macho yake ilikuwa inatafuta mukubwa wa kujificha nyuma. Njo sababu ulimutumaka yeye kutangaza bilio, habari za kifo, nyumba kwa nyumba, peke yake. Mwingine aliangaliaka mikono yake tu, anataka kufanya yote yeye, ulimukalisha na bamama ba Kinkondja, kungoja bifurushi byabo bya samaki, hana kazi ingine ila kubasikiliza. Kila muntu na yake. Kinwa kufunga, ni muntu mumoya tu ulimupatiaka.

Nikauliza, "Na Radio, macho yake ilienda wapi?"

Mama Adolphine alikamata mwiko tena. Akasonga kidogo. Akasema, "Radio, mufuko ikiteleza, anaangalia kama bantu bangali banacheka."

Nikashika sufuria kwa mikono mbili, yeye asonge.

Kisha akaniambia kwamba mizaha yangu ulikuwa unairudilia kwake, yote, mpaka bukari inapoa. Ile ya mbuzi na kontrolere wa tikiti ya treni ulimwambia hata mu hospitali. Kapita, kwa nini hukucheka mbele yangu? Hata mara moya. Najua jibu, usijibu. Ungecheka, ningebakia pale pale kwa kicheko yako mpaka leo.

Niliporudia kwa mbao, niliwaambia tubadilishe. Ilunga tumupatie kinwa, kazi ya kusema. Kasongo tumutie nyuma ya Papa Kabamba, abebe kwa mwendo ya muzee, asimupite. Ikawa matata. Wengine bakasema natupa maneno ya Kapita, udongo bado mbichi. Mumoya akasema Radio anataka kuwa Kapita mwenyewe. Iliniuma. Papa Kabamba njo aliinuka, polepole vile anainukaka, akaenda kukaa ku mbao yako. Pale pale, fasi yako. Akasema, "Kasongo, kuya hapa kando." Imeisha.

Kasongo sasa anatembea nyuma ya muzee kama lori nyuma ya ng'ombe, moshi inamutoka ku masikio. Lakini juzi muzee alisimama kupumua, na Kasongo akasimama, akaweka bega yake chini ya mufuko ya muzee, bila kuambiwa. Ilunga tulimutuma kwa shefu wa gare kuomba atungojee siku mbili tena mbele ya kupatia soko vagoni. Sauti ilimukatika mulangoni. Nilikuwa pale nje, kinwa inaniwasha, nilikuwa na neno tatu tayari za kumusaidia. Nikazimeza. Alirudilia yeye mwenyewe kutoka mwanzo, na shefu akasikia. Siku mbili ile inaisha kesho.

Kwa hiyo kesho ni Ilunga anasimama kwa vagoni ya pili, na shefu atakuwa mulangoni anaangalia. Sijui kama ataweza, Kapita. Naogopa. Muntu wa kuambia hiyo hakuna hapa, bote banangojea nibachekeshe.

Basi tufanye kop, mapatano, minyi na weye. Kesho minyi nafunga kinwa kutoka asubuhi, bila kulazimishwa na muntu. Mufuko ikiteleza, siangalie kama bantu banacheka, naangalia macho ya Ilunga, na kazi ikiisha nakaa naye. Weye kwa upande yako, unaniachia. Usinikoholee, hata ukiona nakosa. Halafu jioni nakuya kwa kaburi na habari, nzuri ao mubaya, na muzaha moya mupya kabisa, na safari hii unacheka mbele yangu.

Kama haiko sawa, sema. Kama unakubali, nyamaza.

...

Wafwako, Kapita, asante.

Radio yako